Wakaguzi Wakiingia: Jinsi Serikali ya Marekani Inavyozisimamia Nyumba za Uuguzi

“Wameingia.”

Neno hilo moja, likisemwa kwa sauti ya chini kwenye korido ya nyumba ya uuguzi Marekani, linatosha kubadilisha zamu nzima. Nililisikia mara kadhaa katika miaka niliyofanya kazi ya usaidizi wa muuguzi. Meneja anatoka ofisini akitembea haraka kuliko kawaida yake. Toroli za dawa zilizoachwa wazi zinafungwa kwa ufunguo. Jagi za maji zinasogezwa karibu na vitanda, mahali mkono wa mzee unapofika, na kengele za kuitia zilizoangukia nyuma ya vitanda zinaokotwa na kubanwa kwenye shuka. Walioingia ni wakaguzi wa jimbo, watu watatu au wanne wenye kompyuta za mkononi na vitambulisho shingoni, na watakaa siku kadhaa.

Watu wetu wengi walioko huko wanazijua nyumba hizi kwa njia moja au nyingine. Wapo wanaofanya kazi humo usiku na mchana, na wapo ambao sasa wazazi wao au wakwe zao wanatunzwa humo. Mmoja wao alinipigia simu siku moja: “Dada yangu, mama mkwe tumempeleka nyumba ya uuguzi baada ya kiharusi. Nimeona kwenye mtandao ina nyota nne kati ya tano. Si ni nzuri hiyo?”

Sikuweza kumjibu ndiyo wala hapana. Ili nyota hizo zieleweke, inabidi kwanza mtu ajue wakaguzi hutumwa na nani, hutafuta nini, na wakikuta ubaya wana uwezo gani. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu mfumo wenyewe una mikono miwili na sheria zake zimekaa mahali ambapo mtu hategemei kuzikuta.

Sheria iliyofungwa kwenye malipo

Kila jimbo hutoa leseni kwa nyumba zake za uuguzi na lina sheria zake. Lakini masharti mazito zaidi ni ya serikali ya shirikisho, nayo hupitia mlango wa fedha. Tangu 1965 kuna mifuko miwili mikubwa. Medicare, ambayo ni bima ya wazee, hulipia muda mfupi tu, hasa mtu anapotoka hospitali na kuhitaji uuguzi au mazoezi ya viungo. Medicaid, ya watu wenye kipato kidogo, hulipia wale wanaobaki kwa miaka, na ndiyo inayobeba wakazi wengi zaidi. Nyumba ikitaka kulipwa na mifuko hii, lazima ipate ithibati ya shirikisho na ikubali kukaguliwa. Isipotaka fedha hizo, masharti hayo hayaihusu. Lakini karibu nyumba zote, takriban 15,000 nchi nzima, zinazitaka, maana bila hizo haziwezi kujiendesha.

Kwa hiyo serikali hapa haisimami kama polisi. Inasimama kama mteja mkubwa anayemwambia muuzaji: nakulipa, basi nionyeshe ninachokilipia. Ukilishika jambo hili moja, mengine mengi yatakayofuata utayaelewa, pamoja na yale yanayoudhi.

Masharti tunayoyaona leo yalizaliwa miaka ya themanini. Mwaka 1986 taasisi ya kitaifa ya tiba, Institute of Medicine, ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wakazi wengi walikuwa wakitunzwa vibaya, na kwamba ukaguzi wa wakati huo uliangalia zaidi kama nyumba ina uwezo wa kutoa huduma kwenye karatasi. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kurekebisha nyumba za uuguzi, na Rais Ronald Reagan akaitia saini. Sheria hiyo iligeuza swali. Badala ya kuuliza kama jengo lina mwongozo wa kuzuia vidonda, mkaguzi aliagizwa amtafute mkazi mwenyewe, amwangalie ngozi, aulize kwa nini ana kidonda. Nyumba inatakiwa kumsaidia kila mkazi kufikia kiwango cha juu kabisa cha afya ya mwili, akili na maisha ya kijamii ambacho hali yake inaruhusu. Sheria hiyohiyo ilimpa mkazi haki ya kutofungwa kwenye kiti au kitanda kwa ajili ya kuwarahisishia kazi wafanyakazi, jambo lililokuwa la kawaida kabisa kabla ya hapo. Iliweka pia saa 75 kama kiwango cha chini cha mafunzo ya msaidizi wa muuguzi.

Anayesimamia haya yote ni idara ya shirikisho inayoendesha Medicare na Medicaid, inayojulikana kwa kifupi kama CMS. Lakini CMS haina jeshi la wakaguzi wa kuzunguka nchi nzima. Huwalipa wakaguzi wa majimbo wafanye kazi hiyo kwa kutumia kitabu cha sheria za shirikisho. Ndiyo maana unaweza kuambiwa nyumba imekaguliwa na jimbo, kisha barua ya faini ikatoka shirikisho.

Siku nne ndani ya jengo

Ukaguzi wa kawaida lazima ufanyike ndani ya miezi 15 tangu uliopita, na jimbo kwa ujumla linatakiwa kufikia wastani wa miezi 12. Nyumba haipewi taarifa mapema. Mtu anayeivujishia nyumba siku ya ukaguzi anaweza kutozwa faini, na sehemu ya kumi ya kaguzi hizi inatakiwa kuanza wakati usio wa kazi: alfajiri, jioni, au mwishoni mwa wiki. Hata hivyo kalenda kila mtu anayo. Ukifika mwezi wa kumi na moja tangu ukaguzi uliopita, unaanza kuona rangi mpya ukutani, na mafaili yanapangwa upya.

Wakishaingia, hawakai ofisini. Mmoja anaelekea jikoni moja kwa moja, kabla wapishi hawajapanga mambo. Anapima joto la chakula: cha moto kisishuke chini ya nyuzi 57 za Selsiasi kikisubiri kupakuliwa, cha baridi kisizidi nyuzi 5. Anaangalia tarehe kwenye vyakula vilivyofunguliwa, na kama aliyetoka kushika takataka amenawa mikono. Mwingine, ambaye ni muuguzi, anamfuata nesi wa zamu akigawa dawa na kuhesabu. Anatakiwa kushuhudia dawa zikitolewa angalau mara 25, na makosa yakifika asilimia 5, hiyo tayari ni dosari. Kosa hapa si lazima liwe sumu. Kidonge kilichotakiwa kumezwa pamoja na chakula kikitolewa tumbo likiwa tupu, linahesabiwa.

Kazi kubwa zaidi hufanywa vyumbani. Wanachagua wakazi kadhaa na kukaa nao. Wanauliza: Ukibonyeza kengele, wanakuja baada ya muda gani? Kuna mtu amewahi kukusemesha vibaya? Unaoga siku unazotaka? Wanakutana pia na baraza la wakazi bila wafanyakazi kuwepo, na wanazungumza na ndugu waliokuja kutembelea. Kisha wanalinganisha mambo matatu: alichosema mkazi, kilichoandikwa kwenye faili lake, na walichokiona kwa macho yao.

Sitasahau mkaguzi mmoja, mama mtu mzima, katika nyumba niliyofanya kazi. Alichukua kiti akaketi kwenye korido mkabala na chumba cha mzee aliyepooza, ambaye kwa mujibu wa mpango wake alitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Tangu saa mbili asubuhi hakuna aliyeingia kumgeuza, maana tulikuwa wasaidizi wawili kwa wakazi zaidi ya ishirini. Ilipofika saa sita mchana mkaguzi akaomba karatasi ya kumgeuza mzee. Ilikuwa imeshatiwa saini mpaka saa nane. Hakugombeza mtu. Alitazama saa yake, akaandika, akaomba kupiga nakala.

Herufi zinazosema ukweli zaidi ya nyota

Kila dosari hupewa namba ya kifungu na herufi moja, kuanzia A hadi L. Namba hueleza ni kosa la aina gani: 600 ni unyanyasaji na kutelekezwa, 686 ni vidonda vya kulalia, 689 ni ajali na usimamizi, 880 ni kuzuia maambukizi. Herufi ndiyo muhimu, na wasomaji wengi huiruka.

Fikiria jedwali lenye ngazi nne za madhara na safu tatu za kuenea. Ngazi ya chini kabisa, A mpaka C, ni mambo yanayoweza kuleta usumbufu mdogo tu. D, E na F: hakuna aliyeumia bado, lakini madhara ya maana yangeweza kutokea. G, H na I: mtu ameumia kweli. J, K na L ni hatari ya papo hapo, yaani mkazi amepata au anaweza kupata jeraha kubwa au kufa nyumba isipochukua hatua mara moja. Ndani ya kila ngazi, herufi ya kwanza ina maana ya tukio la pekee, ya pili ni mtindo unaojirudia, ya tatu ni jambo lililoenea jengo zima. Mzee mmoja akianguka na kuvunjika nyonga kwa sababu hakusimamiwa, hiyo inaweza kuwa G. Mlango wa nje ukiwa hauna king’ora, mkazi mwenye ugonjwa wa kusahau akatoka usiku wa baridi kali, hiyo inaweza kufika J hata kama alirudishwa salama.

Dosari nyingi mno huishia kwenye D. Na hapa kuna mvutano ambao hauonekani nje. Kutoka D kwenda G ni lazima mkaguzi athibitishe kwamba madhara yalitokea na kwamba yangeweza kuzuilika. Nyumba itajitetea kuwa mgonjwa alikuwa hoi, kuwa ngozi yake ilikuwa dhaifu tangu hospitali, kuwa alikataa kugeuzwa. Mkaguzi mwenye haraka au asiye na uzoefu anaiacha D. Ofisi ya uwajibikaji ya Bunge, GAO, ililiangalia jambo hili katika ripoti yake ya 2008. Ilikuta kwamba timu za shirikisho zilipokagua upya nyumba zilizokwisha kukaguliwa na majimbo, katika takriban asilimia 15 ya kaguzi hizo wakaguzi wa jimbo walikuwa wameacha angalau dosari moja ya ngazi za juu, zile za madhara halisi au hatari ya papo hapo.

Siku ya mwisho wakaguzi hukaa na uongozi na kusema waliyoyakuta. Baadaye huja ripoti rasmi, fomu namba 2567, yenye safu mbili. Kushoto ni maelezo ya dosari, wakazi wakitajwa kwa namba badala ya majina. Kulia nyumba inaandika mpango wake wa kurekebisha, na inapewa siku 10 kuurudisha. Mara nyingi utakuta pale juu sentensi ya mwanasheria isemayo kuwa kuwasilisha mpango huu si kukiri kosa. Ukizoea kusoma safu ya kulia utaona jibu linalojirudia nyumba hata nyumba: wafanyakazi wamefundishwa upya. Ni mara chache utasoma kwamba wameongezwa.

Fimbo ambayo haipigwi

Sasa turudi kwenye ule mlango wa malipo. CMS inaweza kutoza faini kwa kila siku ambayo dosari inaendelea au kwa kila tukio, na kwa hatari ya papo hapo faini ya siku moja inaweza kuzidi dola 20,000. Nyumba ikikubali kutokata rufaa, hupunguziwa asilimia 35. Dosari zikidumu miezi mitatu, malipo ya wakazi wapya lazima yasimamishwe. Zikifika miezi sita, ithibati inafutwa. Kwa hatari ya papo hapo isiyoondolewa, siku ni 23 tu.

Kwenye karatasi fimbo hiyo ni nene. Lakini ithibati ikifutwa leo, wazee mia moja wanahitaji vitanda vingine, na katika kaunti nyingi za mashambani kitanda kilicho karibu kiko mwendo wa saa mbili kwa gari. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau akihamishwa ghafla huchanganyikiwa, huacha kula, na wapo wanaodhoofika haraka sana. Mwenye nyumba anajua hayo, na mkaguzi anayajua pia. Kwa hiyo nyumba mbovu hurekebisha kiasi cha kupita ukaguzi wa marudio, kisha baada ya miezi kadhaa inarudi palepale. Kwa nyumba za namna hii CMS ilianzisha mwaka 1998 mpango wa uangalizi maalumu, ambapo nyumba hukaguliwa karibu mara mbili zaidi ya kawaida mpaka ipone au ifukuzwe. Nafasi zake ni takriban 88 kwa nchi nzima. Zipo nyumba nyingine mamia zinazostahili lakini nafasi hakuna, na orodha ya hizo ilikuwa siri hadi 2019, maseneta Bob Casey na Pat Toomey wa Pennsylvania walipoiweka hadharani. Kwangu mimi, kuificha orodha ile kwa miaka yote hiyo lilikuwa kosa kubwa: familia zilikuwa zikisaini mikataba bila kujua nyumba ipo foleni ya uangalizi.

Ukitaka chanzo kimoja cha dosari nyingi, nenda kwenye idadi ya wafanyakazi. Sheria ya shirikisho kwa miaka mingi imetaka muuguzi mwenye leseni awepo saa zote na muuguzi aliyesajiliwa, mwenye mafunzo ya juu zaidi, angalau saa 8 kwa siku, na kwa wasaidizi imesema tu kwamba watoshe. Mwaka 2024 CMS ilitoa kanuni ya kuweka namba: saa 3.48 za huduma kwa kila mkazi kwa siku, kati ya hizo 2.45 za wasaidizi. Wenye nyumba walikwenda mahakamani wakisema watu hao hawapatikani na fedha hazipo. Mwaka 2025 jaji wa shirikisho huko Texas aliitengua, na mwaka huohuo Bunge likazuia utekelezaji wake mpaka 2034. Mkaguzi basi anabaki na neno “watoshe”, na ili alitumie inabidi kwanza aonyeshe mtu aliyeathirika.

Wakaguzi wenyewe pia wamepungua. Uchunguzi wa kamati ya Seneti ya masuala ya wazee mwaka 2023 ulikuta zaidi ya nusu ya majimbo yana pengo la angalau mtu mmoja kati ya kila watano kwenye timu zao, na fedha za ukaguzi kutoka shirikisho zilikuwa hazijaongezeka kwa miaka. Hapo katikati ilipita korona. Machi 2020 kaguzi za kawaida zilisimamishwa na wageni wakazuiwa kuingia, kwa hiyo nyumba zilipoteza macho ya mkaguzi na macho ya ndugu kwa pamoja. Zaidi ya watu 200,000, wakazi na wafanyakazi wa vituo vya utunzaji wa muda mrefu, walikufa katika janga lile. Nilikuwepo kazini. Siwezi kuliandika zaidi ya hapo.

Nyota zinatoka wapi

Mfumo wa nyota tano ulianza Desemba 2008 na unaonekana kwenye tovuti ya Medicare iitwayo Care Compare. Nyota huchanganya mambo matatu: ukaguzi, idadi ya wafanyakazi, na vipimo vya ubora. Ukaguzi ndio msingi, lakini nyota zake hutolewa kwa kulinganisha nyumba za jimbo moja: asilimia 10 za juu hupata tano, asilimia 20 za chini hupata moja, waliobaki wanagawana zilizo katikati. Kwa hiyo nyota nne za jimbo hili na nne za jimbo jirani si kitu kimoja. Idadi ya wafanyakazi siku hizi hutoka kwenye kumbukumbu za mishahara, mfumo ulioanza 2016, na hiyo ni hatua nzuri, maana zamani nyumba zilijaza zenyewe. Vipimo vya ubora bado kwa sehemu kubwa hutoka kwa nyumba yenyewe. Baadhi ya nyumba ziliwahi kuwaandikia wakazi ugonjwa wa akili wa skizofrenia wasiokuwa nao ili dawa za kuwatuliza zisihesabiwe dhidi ya nyumba hizo, na mwaka 2023 CMS ilitangaza kuanza kukagua utambuzi huo.

Kuna jambo lingine linalowaponza wengi: nyota hizi na ukaguzi huu wa shirikisho haviyahusu makazi ya wazee wanaosaidiwa mambo madogo tu, yale yenye vyumba vya kupangisha na ukumbi mzuri wa kulia. Hayo yako chini ya sheria za jimbo peke yake, na majimbo yanatofautiana sana.

Nje ya ukaguzi wa kawaida upo wa malalamiko. Mtu yeyote, awe mkazi, ndugu au mfanyakazi, anaweza kupiga simu idara ya afya ya jimbo, hata bila kutaja jina, na lalamiko la hatari ya papo hapo linatakiwa kufuatiliwa ndani ya siku chache. Malalamiko yaliyobeba tarehe, saa, chumba na alichoona mtu huenda mbali kuliko yale ya “wanamtunza vibaya”. Kila jimbo pia lina ofisi ya mtetezi wa wakazi, ombudsmani, iliyolazimishwa kisheria tangu 1978. Huyo hana uwezo wa kutoza faini, lakini anaingia, anasikiliza, anakaa mezani na uongozi, na huduma yake ni bure.

Yule dada aliyenipigia simu nilimwambia aende mapokezini aombe ripoti za ukaguzi. Sheria inaitaka nyumba iweke ya karibuni mahali mtu anapoweza kuisoma bila kuomba, na za miaka mitatu iliyopita zitolewe zikiombwa. Alilikuta faili kwenye rafu, nyuma ya chombo cha maua. Jioni tulisoma pamoja kwa simu. D nyingi za jikoni na za karatasi, kisha, mwaka mmoja nyuma, G ya kifungu cha 686: mkazi namba 14, kidonda kwenye kisigino cha kushoto, kiligunduliwa kikiwa kimeshafika ndani. Safu ya kulia iliandika kwamba wafanyakazi wamefundishwa upya.

Kesho yake alikwenda tena, muda wa chakula cha mchana. Alimsalimia mama mkwe, akavuta kiti mpaka mwisho wa kitanda, akamvua soksi taratibu, kwanza ya kushoto.